Karakana ya kazi nyingi: kujenga leo kwa kukumbuka siku ya kuuza

Katika miaka ya karibuni maelfu ya wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wamepata makazi katika majimbo ya Marekani kama Ohio, Kentucky, Iowa na Texas. Miongoni mwao wapo maseremala, mafundi wa magari na wachomeleaji wa vyuma ambao ujuzi wao haukupotea njiani. Baada ya miaka ya kazi za zamu katika maghala na viwanda vya nyama, baadhi hufanikiwa kununua nyumba yenye uwanja nje kidogo ya mji, na jambo la kwanza wanalolitamani baada ya hapo ni karakana.

Jengo la namna hiyo, likiwa na sakafu ya zege, umeme na kinga ya baridi, hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Aghalabu ndiyo akiba yote ya familia. Lakini Marekani ni nchi ya watu wanaohama: kazi hubadilika, watoto hukua, na nyumba huuzwa. Siku hiyo ikifika, anayekuja kutazama si fundi. Huenda akawa muuguzi mwenye magari mawili na mashua, au mstaafu mwenye gari la matembezi lenye vitanda na jiko ndani. Swali atakalojiuliza ni moja tu: jengo hili litanifaa mimi kwa nini?

Neno karakana lenyewe, lililotufikia kutoka Kiajemi, maana yake ni nyumba ya kazi. Halikutaja kazi gani, na pengine hiyo ndiyo tafsiri bora kwa mtu anayejenga huku akijua kwamba siku moja atauza.

Gharama si thamani

Nyumba inapouzwa kwa mkopo wa benki, ambayo ndiyo njia ya kawaida nchini Marekani, benki hutaka ripoti ya mthamini. Mthamini wa nyumba za makazi haulizi zege lilinunuliwa kwa bei gani. Hutafuta nyumba zinazofanana na hiyo, zilizouzwa karibuni katika eneo hilo hilo, na kuangalia wanunuzi walilipa kiasi gani zaidi kwa ile iliyokuwa na karakana.

Ichukuliwe kwamba mtu ametumia dola 80,000 kujenga, na nyumba za jirani zenye karakana huuzwa kwa dola 35,000 zaidi kuliko zisizo nayo. Takwimu hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ndivyo inavyokwenda: dola 45,000 zilizobaki haziingii katika ripoti. Wathamini wana msamiati wao kwa hali hiyo. Wanasema jengo limezidi mahitaji ya soko lake. Jengo la karakana kubwa kuliko nyumba yenyewe, katika mtaa wa nyumba za kawaida, huangukia humo mara nyingi. Jengo hilo hilo likiwekwa kwenye ekari tano mashambani, ambako kila jirani ana trekta, huwa ni kivutio.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji nyundo. Ni kupitia orodha za nyumba zilizouzwa katika kata husika, ambazo ofisi za kodi za wilaya nyingi huziweka wazi kwa umma, na kuona karakana za ukubwa gani zinapatikana humo. Dalali mzoefu wa eneo hilo anaweza kueleza mengi kwa nusu saa. Wengi huenda kwake baada ya kujenga, wakati wa kuuza, na hapo ushauri wake huwa hauna tena msaada.

Vibali, na mtego wa ghala la shamba

Karibu majimbo yote ya Marekani hutumia kanuni za ujenzi zinazotokana na mfano mmoja, unaotolewa na baraza la kanuni za majengo liitwalo ICC. Katika matoleo ya karibuni ya mfano huo, kibanda cha ghorofa moja kisichozidi futi za mraba 200, yaani karibu mita za mraba 18.6, husamehewa kibali cha ujenzi. Msamaha huo haugusi sheria za mipango ya ardhi, na miji mingi imeweka kiwango chake. Karakana ya maana huvuka kipimo hicho kwa mbali.

Zipo sheria tatu tofauti ambazo wajenzi wapya huzichanganya. Kuna kibali cha ujenzi, kinachohusu uimara na usalama. Kuna sheria ya mipango, inayosema jengo lisimame umbali gani kutoka mpakani, liwe na kimo gani, na kama biashara inaruhusiwa. Kisha kuna masharti ya chama cha wamiliki wa nyumba, pale kilipo, ambacho si serikali lakini kinaweza kumpeleka mtu mahakamani kwa sababu ya rangi ya bati. Kupata idhini ya mmoja hakumzuii mwingine kukataa.

Majimbo kadhaa, Ohio ikiwemo, huyapa majengo ya kilimo msamaha mpana. Hapa ndipo penye mtego. Mtu hushauriwa na jirani aandike kwamba anajenga ghala la kuhifadhia majani makavu, halafu anaingiza magari ya wateja. Kwa miaka kadhaa hakuna anayeuliza. Wakati wa kuuza, mnunuzi au benki yake huomba karatasi, na karatasi zinasema ghala. Umeme haukukaguliwa na sakafu haikukaguliwa. Muuzaji hulazimika ama kupunguza bei, ama kuomba kibali baada ya kazi kwisha, jambo ambalo huweza kudai kuta zifunguliwe ili mkaguzi aone nyaya. Wapo waliotakiwa kubomoa.

Ikumbukwe pia kwamba nyumba nyingi nje ya miji hutumia karo la maji taka na uwanja wa mabomba yanayonyweza maji ardhini. Jengo haliruhusiwi juu ya uwanja huo, wala malori ya zege hayatakiwi kupita hapo. Kabla ya kuchimba lolote hupigwa simu namba 811, iliyoanza kutumika nchi nzima mwaka 2007, na kampuni za umeme, gesi na mawasiliano hutuma watu kuweka alama za rangi juu ya mabomba na nyaya zao bila malipo. Mabomba aliyoyafukia mwenye nyumba mwenyewe hawayahusu.

Kipimo na milango

Ukubwa unaopendwa sana ni futi 30 kwa 40, yaani mita 9 kwa 12 hivi. Humo huingia magari mawili, meza ndefu ya kazi na mashine za seremala, na bado nafasi ya kupita ikabaki. Ni kipimo ambacho mnunuzi wa aina yoyote hukielewa. Jambo la maana zaidi kuliko eneo ni kutokuwa na nguzo katikati. Kenchi za kiwandani zinaweza kuvuka futi 40 bila tegemeo, na ukumbi mtupu hugeuzwa kuwa chochote. Ukumbi wenye nguzo hubaki jinsi ulivyo.

Kimo ndicho kinachosahauliwa, na ndicho kisichoweza kurekebishwa. Mashine ya kuinulia magari yenye nguzo mbili kwa kawaida huhitaji dari ya futi 12 hivi, karibu mita 3.7. Mtu anayejenga kuta za futi 10 ili kuokoa fedha kidogo hujifungia mlango huo, na humfungia pia kila mnunuzi atakayekuja. Kuongeza futi mbili za ukuta wakati wa ujenzi ni nyongeza ndogo katika bei ya jumla, ila kuziongeza baadaye ni sawa na kujenga upya.

Magari ya matembezi ni habari nyingine. Katika majimbo mengi gari barabarani huruhusiwa kimo cha hadi futi 13 na inchi 6, na kwa hiyo mlango wa kuyaingiza yote huwa wa futi 14, na ukuta wa futi 16. Hapo jengo huanza kuwa ghali kupasha moto na huenda likagongana na kikomo cha kimo cha mtaa. Fundi asiyekuwa na gari kama hilo ana sababu nzuri ya kutofika huko, isipokuwa eneo lake liwe karibu na ziwa au mbuga ambako wanunuzi wa aina hiyo ni wengi.

Milango miwili ya futi 10 kwa 10 hutumika vizuri zaidi kuliko mmoja mkubwa. Kuhusu upande wa kuiweka, mafundi wa maeneo yenye theluji hupendelea kuta za mwisho, zile zenye pembe tatu juu, kwa kuwa theluji inayoteleza kutoka kwenye mabati huanguka pembeni na si mbele ya mlango. Asiyewahi kuchota theluji ya paa zima saa kumi na mbili asubuhi anaweza kulipuuza jambo hili kwa mwaka mmoja tu. Mlango wa kawaida wa mtu kuingilia, wenye upana wa inchi 36, uwepo upande unaotazama nyumba. Na mota ya mlango mkubwa ikifungwa ukutani ubavuni mwa mlango badala ya kuning'inia katikati ya dari, nafasi ya juu hubaki huru kwa gari lililoinuliwa.

Umbo la jengo

Majengo ya nguzo za mbao zilizochimbiwa ardhini ndiyo yaliyotapakaa katika Marekani ya kati. Mfumo wake wa kisasa ulianza miaka ya 1930 na huhusishwa na H. Howard Doane, mtaalamu wa mambo ya mashamba wa St. Louis, pamoja na Bernon Perkins aliyefanya kazi naye. Wazo lilikuwa kujenga haraka na kwa bei nafuu wakati wa ufukara mkubwa: nguzo zisimame mbalimbali, bati lifunike, msingi wa mfululizo usiwepo. Wazo hilo bado linafanya kazi. Kasoro yake ni kwamba mbao iliyo ardhini huzeeka, na wanunuzi wengine wanalijua hilo. Siku hizi nguzo huweza kusimamishwa juu ya mabano ya chuma yaliyofungwa kwenye zege, na gharama inayoongezeka hulipa katika ripoti ya mkaguzi.

Jengo la fremu za mbao juu ya msingi wa zege, kama lilivyo jengo la nyumba, ni ghali zaidi. Lakini kuta zake hupokea kwa urahisi kinga ya baridi, nyaya na mbao za ndani, na likifanana na nyumba kwa paa na rangi hukubalika mtaani kwa upesi. Pale ambapo mitaa imekaribiana, hili ndilo chaguo la busara. Mashambani, nguzo zinatosha.

Lipo pia lile la bati lililopinda kama nusu ya pipa. Asili yake ni kibanda alichobuni Peter Nissen kwa ajili ya jeshi la Uingereza mwaka 1916. Jeshi la majini la Marekani lilitengeneza toleo lake mwaka 1941 katika kituo cha Quonset Point, Rhode Island, na baada ya vita mengi yaliuzwa kwa raia. Bado yanauzwa, na kwa bei ndogo. Mwenye kufikiria kuuza nyumba ajiulize mara mbili: ukuta uliopinda hauna pa kutundika rafu, hauwekewi dirisha kwa urahisi, na watazamaji wengi huona ghala la jeshi.

Sakafu

Hakuna sehemu inayoamua matumizi ya baadaye kama sakafu. Zege la inchi 4 linatosha kwa magari madogo. Watengenezaji wa mashine za kuinulia magari huweka masharti yao wenyewe, na mara nyingi hudai zege lisilopungua kiasi hicho lenye nguvu ya pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, yaani megapaskali 20 hivi, na boliti zikae mbali na kingo, viungo na nyufa. Njia ya kujihami ni kuamua mapema mahali ambapo mashine hiyo ingekaa, hata kama hainunuliwi sasa, na kumwaga hapo zege la inchi 6 au 8 lenye nondo. Viungo vya kuzuia nyufa vipangwe visipite katika eneo hilo. Kisha mahali hapo paandikwe kwenye mchoro.

Zege halifungwi mashine siku ya pili yake. Kipimo cha nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28, na watengenezaji wengi husisitiza muda huo uishe kabla ya kuipandisha gari.

Chini ya zege hutandazwa kokoto zilizoshindiliwa, na juu yake karatasi nzito ya plastiki kuzuia unyevu wa ardhini. Mjenzi anayeirukia hatua hiyo huokoa fedha kidogo sana na humwachia mwenye jengo sakafu ambayo rangi yake hubanduka na zana zake hupata kutu. Katika baridi kali, msingi hushuka chini ya kina ambacho ardhi huganda: katika sehemu nyingi za Ohio ni sentimita 80 hivi, na kaskazini mwa Minnesota hukaribia mita moja na nusu.

Mabomba ya plastiki ya maji ya moto yanaweza kulazwa ndani ya zege kwa ajili ya kupasha sakafu. Hata asiye na fedha za kununua mtambo wake anaweza kuyaweka na kuyaziba, kwa kuwa fursa hiyo hairudi. Sharti ni kuyapiga picha kabla ya zege kumwagwa, kukiwa na futi ya kupimia inayoonekana katika picha. Fundi atakayetoboa sakafu miaka kumi baadaye ataiuliza picha hiyo.

Kuhusu mfereji wa sakafuni, tahadhari inahitajika. Mashimo yanayopokea maji machafu ya gereji za kutengeneza magari na kuyaingiza ardhini bila kusafishwa yalipigwa marufuku na shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, kwa majengo yote mapya tangu Aprili mwaka 2000. Mfereji unaoishia kwenye shimo la kokoto nyuma ya karakana, au kwenye karo la nyumba, unaweza kumfanya mwenye nyumba awajibike kusafisha udongo na maji ya kisima, na hakuna kinachomkimbiza mnunuzi kama harufu ya oili kwenye udongo. Sakafu yenye mteremko mdogo kuelekea mlangoni hutatua sehemu kubwa ya tatizo la theluji inayoyeyuka.

Umeme

Umeme wa nyumba za Marekani huja kwa volti 120 na 240, hezi 60, katika fezi moja. Fezi tatu ni nadra katika mitaa ya makazi, na kuiomba hugharimu sana. Fundi anayenunua mashine za kiwandani zilizotumika, ambazo mara nyingi ni za fezi tatu na huuzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo, hulazimika kutumia kifaa cha kubadilisha fezi. Kifaa hicho ni mali yake na huondoka naye. Kwa jengo lenyewe, paneli ya ampea 100 inatosha karibu kila mtu: kompresa, mashine ya kuchomelea na taa vyote kwa pamoja.

Nyaya huenda kwenye karakana zikiwa ndani ya bomba lililofukiwa, na jengo lililojitenga huwa na swichi yake kuu na fimbo zake za ardhi. Bomba la pili tupu likifukiwa kwenye mtaro huo huo, kwa ajili ya intaneti au kitu ambacho bado hakijavumbuliwa, gharama yake haizidi bei ya bomba. Soketi ziwekwe juu kidogo ya mita 1.2 kutoka sakafuni. Sababu ni kwamba plaiwudi ina upana wa futi 4, na ikiegemezwa ukutani kwa ubavu, soketi za chini hufichika zote. Moja ya ampea 50 karibu na mlango mkubwa itamhudumia mchomeleaji leo na gari la umeme la mnunuzi kesho.

Wapo wanaonunua mashine hapa kwa nia ya kuzisafirisha Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura watakaporudi. Hao wana hesabu ya ziada. Vifaa vya volti 120 vitaungua vikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Mota za volti 240 zilizotengenezwa kwa hezi 60 zikipewa hezi 50 huzunguka polepole zaidi kwa sehemu moja ya sita, na hupata joto. Mashine iliyoandikwa hezi 50/60 kwenye kibao chake ndiyo ya kutafuta.

Baridi na unyevu

Bati tupu katika majira ya baridi hutiririsha matone ndani kama mvua. Hewa yenye unyevu hupanda, hugusa bati baridi, na maji hurudi juu ya meza na mashine. Hita ya gesi isiyo na dohani huzidisha mambo, kwa kuwa mvuke ni sehemu ya moshi wake. Kwa sababu hiyo tabaka la kuzuia baridi chini ya paa si anasa, na lianze kuwekwa hapo kabla ya kuta. Pampu ya joto iliyofungwa ukutani, inayopasha wakati wa baridi na kupoza wakati wa joto, imekuwa chaguo la wengi na mnunuzi huiona mara moja. Kifaa chochote chenye moto wazi au cheche katika jengo la magari hutakiwa kuinuliwa inchi 18 kutoka sakafuni, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito na hutambaa chini.

Kinachobaki na kinachoondoka

Jengo likiuzwa, je, mashine ya kuinulia magari iliyofungwa kwa boliti ni ya nani? Swali hili limewafikisha wengi mahakamani. Kipimo ambacho mahakama nyingi za Marekani hukitumia kilitoka Ohio yenyewe, katika kesi ya Teaff dhidi ya Hewitt ya mwaka 1853, iliyohusu mashine za kiwanda cha sufi. Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilitazama mambo matatu: kitu kimefungwa vipi kwenye jengo, kinaendana vipi na matumizi ya mahali hapo, na aliyekifunga alikusudia nini. Kwa kipimo hicho, mashine za kiwanda kile zilihesabiwa kuwa mali inayohamishika.

Lakini hakuna anayetaka kutegemea kesi ya karne ya kumi na tisa siku ya kukabidhi funguo. Mkataba wa mauzo unaweza kutaja kwa jina kila kinachobaki na kila kinachoondoka, na maandishi hayo huondoa ubishi. Hapo ndipo hekima ya kupanga vifaa tangu mwanzo inapoonekana. Paneli, taa, pampu ya joto na mabomba ya hewa ni vya jengo. Msumeno wa meza, randa na mashine za kutoboa zikiwa juu ya magurudumu hazina ubishi, na faida yake haingoji siku ya kuuza: asubuhi karakana ni ya seremala, jioni magurudumu yanasukumwa ukutani na gari linaingia. Meza za kudumu zilizojengwa ukutani huwapendeza mafundi tu. Wengine huziona kama kitu cha kubomoa.

Mabomba ya hewa ya kompresa yasiwe ya plastiki nyeupe ya maji, ijapokuwa ni rahisi na yanapatikana kila duka. Shirika la usalama kazini la Marekani, OSHA, lilitoa onyo mwaka 1988, kwa sababu plastiki hiyo ikipasuka kwa shinikizo la hewa hurusha vipande vyenye makali. Shaba au alumini ndiyo stahiki. Mashine ya kufyonza vumbi la mbao nayo isingoje bajeti ya mwaka ujao: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi hilo mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani.

Bima, madai na kodi

Bima ya kawaida ya nyumba hufidia majengo ya pembeni kwa kiasi ambacho mara nyingi ni asilimia 10 ya kile kilichowekwa kwa nyumba. Karakana ya kisasa inaweza kuvuka kiwango hicho. Baya zaidi, mikataba mingi huliondoa kabisa jengo la pembeni linalofanyiwa biashara. Anayepokea magari ya wateja bila kuiarifu kampuni yake ya bima anaweza kugundua siku ya moto kwamba hana bima.

Wajenzi nao wana haki ambayo wageni wengi hawaijui. Muuza zege au fundi mdogo asiyelipwa na mkandarasi anaweza kuandikisha dai juu ya kiwanja, hata kama mwenye nyumba alikwisha kumlipa mkandarasi fedha zote. Nyumba yenye dai la namna hiyo haiuziki kwa urahisi hadi lilipwe. Kinga yake ni kulipa kwa awamu, na katika kila awamu kudai hati iliyotiwa saini na kila aliyeleta vifaa au kufanya kazi, ikisema amelipwa na hana dai.

Kodi ya mwaka ya mali hupanda jengo likikamilika, na hiyo hutarajiwa. Isiyotarajiwa ni kodi ya faida wakati wa kuuza. Tangu mwaka 1997 sheria ya serikali kuu humruhusu mtu aliyeimiliki na kuishi katika nyumba yake miaka miwili kati ya mitano ya mwisho asitozwe kodi kwa faida ya hadi dola 250,000, au dola 500,000 kwa mume na mke wanaotoa hesabu kwa pamoja. Gharama za karakana huongezwa kwenye bei ya ununuzi na hupunguza faida, mradi stakabadhi zimetunzwa. Lakini jengo lililojitenga na nyumba, likiwa limetumika kwa biashara, huweza kutengwa katika hesabu hiyo. Faida ya sehemu hiyo hutozwa kodi, na punguzo la uchakavu lililodaiwa miaka yote hurejeshwa mezani. Fundi aliyeendesha gereji yake humo kwa miaka minane anahitaji kumwona mtaalamu wa hesabu kabla ya kuweka kibao cha kuuza, na ikiwezekana kabla ya kupokea gari la kwanza la mteja.